Mzigo Mzito Hakubebeshwa Mnyamwezi Mmoja

Nilimpigia simu akiwa msibani. Baba yake mzazi alikuwa amezikwa jana yake, kijijini nje kidogo ya Nzega, na mimi kiongozi wake wa timu nilikuwa ofisini Kijitonyama saa tano usiku pamoja na vijana wawili, macho kwenye skrini, tumekwama. Simu iliita ikakatika. Nilipopiga tena akapokea. "Naam, dada." Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba pambio, taratibu, kama watu walioanza kuimba tangu alasiri. Nikampa pole kwa haraka ambayo mama yangu angenikemea, kisha nikamwambia kilichonifanya nipige: malipo yanaingia mara mbili.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Subiri nisogee kule nyuma kwenye mwembe, ndiko mtandao unashika." Nikasikia hatua zake juu ya majani makavu, na mtu akimuuliza jambo kwa Kinyamwezi, naye akijibu kwa kifupi. Alipofika chini ya mwembe akaanza kutuongoza kwa kumbukumbu tu, bila kompyuta: fungueni faili la malipo, shukeni mpaka chini, tafuteni panapopokelewa taarifa ya mtandao wa simu. Tukashuka. Juu ya kipande chenyewe palikuwa na mstari mmoja wa maelezo aliouandika yeye miaka miwili nyuma: "Usiguse hapa. Niulize kwanza."

Sisi tunatengeneza mfumo wa Saccos: akiba, hisa, mikopo, marejesho. Mwanachama akilipa kwa simu, kampuni ya simu hutuma taarifa kwenye seva yetu, nasi tunaandika fedha kwenye akaunti yake. Seva yetu ikichelewa kujibu, wao hudhani taarifa haikufika, wanaituma tena. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote lazima uangalie namba ya muamala kama imekwishaingia. Kijana wetu mmoja, akipanga upya msimbo, yaani maandishi ya programu, ili usomeke vizuri, alikuwa ameusogeza ukaguzi huo ukawa baada ya kuandika. Siku ya kawaida usingeona tofauti. Lakini ilikuwa tarehe 28, mishahara imetoka, seva imeelemewa, na mtu aliyelipa rejesho la elfu hamsini akaonekana amelipa laki moja.

Tulimaliza saa nane usiku. Kabla ya kukata simu alisema, "Haya dada, mkikwama tena nipigieni tu." Sikulala. Sheria yetu ya ajira inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku nne zenye malipo. Nilimpa siku nne, kisha nikamnyang'anya usiku mmoja katika hizo.

Yule kijana aliomba radhi mpaka nikamwambia inatosha. Kosa halikuwa lake. Alikuwa hajawahi hata siku moja kupewa kazi ya kugusa malipo, na aliyekuwa akigawa kazi ni mimi.

Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa tunakaa mbele ya ubao, watu saba, na kadi za kazi za wiki mbili. Nilijitahidi kila mtu apate nne au tano. Nilikuwa najivunia usawa huo, nikiamini kabisa kwamba ndiyo haki yenyewe. Lakini ukisikiliza namna kadi zilivyokuwa zikigawiwa, ungesikia sentensi ileile ikirudi: "Hiyo mpe yeye, atamaliza leo." Na kweli mwanzoni alikuwa anamaliza leo. Kazi ya malipo ikienda kwake ilichukua siku moja, ikienda kwa mwingine ilichukua nne. Sasa wewe uliyebanwa na mteja, utampa nani? Ukimpa yeye mara ya kwanza, anazidi kujua. Mara ya kumi, hakuna mwingine anayejua. Kila uamuzi ukiutazama peke yake ulikuwa wa busara, na ndivyo nilivyofika mpaka kwenye ule mwembe.

Ofisini tulikuwa na msemo tayari. Kadi ngumu ikibaki mezani, mtu hasa Mzaramo wetu, maana hao ni watani, angesema "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," watu wakacheka, na Mnyamwezi wetu mwenyewe akacheka akainuka kuichukua. Nimeufikiria sana msemo huo baada ya siku ile, maana nahisi tumeugeuza.

Niliwahi kusimama kwenye uwanja wa Caravan Serai pale Bagamoyo, ambapo misafara ya karne ya 19 ilikuwa ikifika na kuondoka. Wapagazi waliotembea kati ya pwani na Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, wengine mpaka Ujiji, Wanyamwezi wakiwa wengi mno kati yao, walikuwa watu wa fani. Walilipwa ujira, walijua thamani yao, na waligoma. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Vitambaa na shanga vilifungwa kwa kipimo hicho kabla safari haijaanza. Pembe ya ndovu ikizidi nguvu za mtu mmoja, ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili. Mpagazi aliyeona ameonewa hakuficha: asubuhi palikuwa na ugomvi juu ya nani anachukua upi, na aliyechoshwa aliweza kuutua mzigo njiani akatoroka. Wanyampara, wale wakuu wa wapagazi ambao jina lao limebaki kwetu kama mnyapara, walikuwa na kazi ya kusikiliza hayo yote na kuhakikisha msafara unafika.

Msemo unawasifu watu wale kama taifa la wapagazi. Mzigo mzito waliubeba kwa kuugawa, kwa kuupima, na kwa kuwa na mdomo wa kusema huu umezidi. Sisi tuliuchukua tukamtwika mtu mmoja, tena mpole, asiyejua kukataa.

Aliporudi sikumwita kwenye kikao. Nilinunua daftari saba, za kawaida za shule zile za kurasa 48, nikampa kila mmoja lake na kuwaomba jambo moja kwa wiki mbili: andika kila kitu unachofanya, hasa ambacho hakina kadi. Mtu akikuuliza swali, andika. Mteja akikupigia Jumapili, andika. Niliahidi sitatumia daftari hizo kumpima mtu, na ahadi hiyo nimeitunza.

Daftari la kaka yetu, yule wa mwembeni, lilijaa siku ya tisa. Nina ruhusa yake kueleza yaliyomo. Jumanne moja tu: ameulizwa maswali 14 na wenzake, amepitia msimbo wa watu wanne kabla haujawekwa hewani, amepokea simu mbili za meneja wa Saccos moja ya Morogoro, moja saa moja asubuhi akiwa kwenye daladala na nyingine saa tatu usiku akila. Kadi yake mwenyewe ameigusa saa kumi na moja jioni wengine wakifunga mabegi. Nilijumlisha saa zake za ziada kwa wiki mbili zikafika 31. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne. Kwa mwendo ule angefika 62, na hakuna hata moja iliyokuwa imelipwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiziona. Ubaoni alikuwa na kadi nne kama wengine.

Daftari lililoniumiza zaidi, hata hivyo, lilikuwa la dada yetu.

Tuko wanawake wawili katika timu, mimi na yeye. Ubao ulimwonyesha kama mtu wa polepole: kadi tatu, wakati mwingine mbili. Katika tathmini ya mwaka mmoja kabla, mkubwa mmoja alikuwa ameandika kwamba "aongeze kasi," nami nilisaini. Kwenye daftari lake nilikuta amekaa na wanafunzi wetu wa fildi saa sita kwa wiki, akiwaonyesha hata namna ya kuwasha mfumo kwenye kompyuta zao. Ameandika muhtasari wa kila kikao. Ameandika mwongozo wa watumiaji kwa Kiswahili ambao wateja wote wanautumia na hakuna jina lake popote. Amemtuliza meneja wa Saccos mmoja aliyetaka kuvunja mkataba. Ameagiza keki ya mtu aliyekuwa na siku ya kuzaliwa. Nikajiuliza nani alimpa kazi hizo zote. Nikarudisha kumbukumbu, kikao kimoja kimoja. Nyingi nilimpa mimi. Nilikuwa nikiuliza "nani atatusaidia kuandika?" na macho yangu yanakwenda kwake kabla sentensi haijaisha, nami ni mwanamke niliyewahi kuandika mihtasari ya kila mtu kwa miaka mitano.

Linda Babcock na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 2017 utafiti wao kuhusu kazi za namna hii, zile ambazo lazima zifanyike lakini hazimpandishi mtu cheo. Katika vikundi vyenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi. Ungedhani ni tabia ya wanawake, lakini vikundi vilipokuwa vya jinsia moja tofauti ikatoweka: wanaume wakiwa peke yao walijitolea vilevile. Na wale waliopewa kazi ya kumwomba mtu ajitolee, wa kiume kwa wa kike, waliwaomba wanawake zaidi. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Siku hizi hatuulizi nani anajitolea. Kuna zamu. Jina lako likifika unaandika muhtasari, uwe mkongwe au umeingia jana. Na ile tathmini nilikwenda kuiombea irekebishwe. Ilichukua miezi miwili na barua tatu, ikarekebishwa.

Katikati ya haya, wakubwa wetu waliona tumechelewa na wakaleta dawa yao: watu wawili wapya. Nilishukuru kwa mdomo. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta kubwa, pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, na hesabu yake hata mtoto wa sekondari anaiweza. Watu saba wana jozi 21 za kuzungumza wao kwa wao. Tisa wana 36. Na wapya walifundishwa na nani? Yule yule wa mwembeni, na yule yule dada wa fildi. Mwezi wa kwanza tulirudi nyuma kuliko tulivyokuwa.

Nadhani tunaogopa kumwona mtu ametulia. Kiongozi akipita akakuta kijana ameegemea kiti anasoma, mkono unawasha kumpa kadi. Mimi nilikuwa hivyo kabisa. Kilichonibadilisha ni fundi cherehani wa mtaani kwetu Mwananyamala. Fundi mzuri sana, na kwa hiyo wiki mbili kabla ya Idi kila mama amempelekea kitambaa. Anapokea vyote, maana anaona aibu kukataa. Ukipita kibandani kwake unakuta magauni ishirini yamekatwa, mengine yana mkono mmoja, mengine hayana kola, na hakuna hata moja lililokwisha. Kila anayekuja anaambiwa "pitia kesho." Na kila anayepitia kesho anamsimamisha dakika kumi za kueleza kwa nini bado. Usiku wa kuamkia Idi mke wake na watoto wanapiga pasi mpaka alfajiri.

Hilo lina hesabu yake. Elimu ya foleni ilianza kwenye simu: Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Chukua hali nyepesi kuliko zote, mhudumu mmoja, foleni moja, kazi zinakuja bila ratiba na kila moja ina urefu wake. Mhudumu akiwa na shughuli asilimia 50 ya muda wake, kazi mpya itasubiri kwa wastani muda unaolingana na wa kuifanya. Akijazwa asilimia 80, itasubiri mara nne ya muda huo. Asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara 19. Kutoka 90 hadi 95 meneja anaona amebana kidogo tu, kumbe foleni imezidi maradufu. Kaka yetu kwa daftari lake alikuwa amepita hata 100, akiiba kwenye usingizi. Ndiyo maana kadi iliyofika kwake ilikuwa inakaa wiki, huku sisi tukisema atamaliza leo.

Kwa hiyo tulibadilisha jinsi ya kugawa. Mtu hashiki zaidi ya kadi mbili kwa wakati mmoja. Akimaliza, anavuta nyingine mwenyewe kutoka juu ya rundo, mimi simsukumii. Watengenezaji wa magari wa Toyota walikuwa wakifanya kazi kwa kadi za kuvuta namna hii miongo mingi kabla yetu. Simu za wateja zina zamu ya wiki, na mwenye zamu hapewi kadi kubwa. Simu ndiyo kazi yake. Kupitia msimbo wa mwenzako kuna kadi. Kufundisha kuna kadi. Jumatatu sianzi tena kwa kuuliza nani ana nafasi, maana kwetu mtu mwenye adabu hujibu "nipo" hata akiwa anazama. Nauliza: ukipewa hii, tuondoe ipi? Wiki za mwanzo walinitazama tu. Hawakuwa wamezoea swali ambalo jibu lake linaruhusiwa kuwa jina la kazi ya kuachwa.

Ya malipo ndiyo yalikuwa magumu. Niliamua kila kadi ya malipo itabebwa na wawili, kama ile pembe kwenye mti: kaka yetu na mwingine, huyo mwingine akiwa ndiye mwenye kibodi. Yeye anakaa pembeni anasema. Kazi za siku moja zikawa za siku tatu. Mteja mmoja alinipigia akasema tumezembea, na nilimwelewa, kwa sababu kwa upande wake hakuona chochote zaidi ya kuchelewa. Nilimweleza ukweli wote, pamoja na usiku ule. Hakufurahi lakini alibaki.

Kaka yetu mwenyewe hakuipenda. Sikulitegemea hilo. Nilidhani nampunguzia mzigo atashukuru. Wiki ya tatu akaniomba tukale pamoja, tukaenda kwa mama lishe nyuma ya jengo. Aliagiza ugali na dagaa, hakula. Akauzungusha mkono ndani ya bakuli la kunawia muda mrefu, kisha akasema, "Dada, nikuulize. Kazi yangu imekuwa mbaya?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa mbona unanitoa?" Nikaanza kumweleza ya foleni na asilimia, akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi hapa najulikana kwa malipo. Wakiacha kuniuliza, nitakuwa nani?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilimwambia hivyo. Alikuwa amekuja mjini na shahada ya chuo kisichotajwa sana, akakaa mwaka mzima bila kazi, na lile faili la malipo ndilo lililomfanya watu wamwite mkuu. Ule mstari wa "niulize kwanza" niliokuwa nimeuona kama kosa la kiufundi, kwake ulikuwa kiti alichokalia. Nikaona pia kwamba ofisi yetu ndiyo iliyomfundisha hivyo: tulimsifu kila alipozima moto usiku, na hatukumsifu hata mara moja alipomfundisha mtu. Niliwaendea wakubwa na daftari mbili, lake na la dada yetu, nikaomba kufundisha kuingizwe kwenye tathmini kwa uzito uleule wa kuandika msimbo. Walikubali nusu. Hiyo nusu nyingine bado naidai.

Yeye alibadilika taratibu, na si kwa maneno yangu. Ni yule kijana aliyesogeza ukaguzi. Siku moja aligundua mwenyewe, wakiwa wawili mezani, kwamba taarifa mbili zikifika kwa nukta moja zinaweza kupita ukaguzi zote pamoja, hata ukaguzi ukiwa mahali pake, na akapendekeza hifadhidata yenyewe ikatae namba ya muamala iliyojirudia. Nilikuwa meza ya tatu. Nikamwona kaka yetu akirudisha kiti nyuma, akamtazama kijana, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Hilo mimi sikuliona." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona mwanawe akitembea.

Mwaka huu amechukua likizo yake yote, siku 28, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikwenda Nzega kujenga kaburi la baba yake na kukaa na mama. Siku ya 11 malipo ya mtandao mmoja yalisimama. Nilishika simu, nikaiweka chini. Kijana na dada yetu wakakaa, saa mbili na dakika arobaini, wakalimaliza. Hakuna aliyempigia.

Alirudi na dumu la asali ya Tabora, akaligawa kwenye chupa za maji za kila mtu kabla hata hajakaa. Kisha akafungua faili lake. Akashuka mpaka chini, akakaa kimya anasoma. Pale palipokuwa na mstari wake mmoja sasa palikuwa na kumi na miwili, inayoeleza kwa nini ukaguzi uko pale, nini kinatokea ukiusogeza, na ilikuwaje tarehe 28 ile. Akageuka, akauliza, "Nani ameandika hii?" Kijana akainua mkono nusu. Kaka yetu akavuta kibodi, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akahifadhi.